Ndege Wawili wa Majabali ya Dover

Mji wa Dover, ulio kusini-mashariki mwa Uingereza, una majabali meupe ya chaki ambayo mahali pengine yapata kimo cha mita 110 hivi juu ya bahari. Majabali hayo yametajwa mara nyingi katika fasihi, lakini si kila aliyeyataja aliyatazama. Hapa nataka kupima kazi mbili, mchezo na wimbo, kwa kipimo kinachoweza kuonekana kidogo: ndege aliyerushwa na kila mtungaji mbele ya jabali.

Mchezo ni King Lear, ulioigizwa mbele ya Mfalme James katika Desemba, 1606. Katika tendo la nne, onyesho la sita, mzee Gloucester, aliyeng'olewa macho na adui zake, ataka kuongozwa hadi ukingoni ajitupe afe. Anayemwongoza ni mwanawe Edgar, aliyejigeuza maskini asijulikane. Edgar amsimamisha baba yake mahali tambarare, kisha amsimulia kimo kisichokuwapo. Kunguru warukao katikati ya hewa waonekana kama mbawakawa. Mtu aning'inia ubavuni mwa jabali akichuma mmea wa nyufani, ambao watu wa nchi ile waliutia siki wakaula kama achari. Wavuvi walioko pwani ni wadogo kama panya, na sauti ya mawimbi haifiki juu.

Yote hayo ni uwongo, maana jabali halipo. Hata hivyo, hapana neno lililotupwa ovyo. Asimamaye pwani huona matumbo ya ndege. Asimamaye juu ya jabali huona migongo yao. Mtungaji asiyefikiri angewarusha ndege juu ya kichwa cha Gloucester. Shakespeare amewaweka chini ya miguu yake, na kwa jambo hilo moja kimo chote kimepatikana. Mchumaji naye ametolewa katika kazi za kila siku za pwani ile, wala hakuwekwa kuwa pambo: mzee ataka kuitupa roho yake mahali pale pale ambapo mwingine ahatarisha roho yake ili apate riziki.

Wimbo ulitungwa mwaka 1941, wakati wa vita. Maneno ni ya Nat Burton na muziki ni wa Walter Kent, wote Wamarekani; Vera Lynn aliueneza kwa sauti yake mwaka 1942. Waahidi kwamba ndege wa buluu wataonekana juu ya majabali ya Dover amani itakaporudi. Ndege huyo ni wa Amerika, wala si mwenyeji wa Uingereza. Wako watetezi wasemao kuwa ni mbayuwayu, ambaye mgongo wake hung'aa kwa rangi ya buluu. Utetezi huo ni wa hisani, lakini ndani yake msomaji ndiye amtafutaye ndege kwa niaba ya mtungaji.

Weupe wa jabali nao umekuwa, kwa wengi wauimbao, ishara ya kitu kisichotikisika. Hali ya hewa ya pwani ile yasema kinyume. Chaki hunywa maji ya mvua. Baridi kali huyagandisha, nayo huipasua. Mawimbi hula chini, na jabali huporomoka. Jabali ni jeupe kwa sababu laanguka. Mahali lilipokingwa na bahari, majani hulifunika.

Sisemi kwamba wimbo haukufanya kazi yake. Waliouimba walikuwa na waume na wana vitani, na tumaini lao halikuhitaji cheti cha mjuzi wa ndege. Nasema tu kwamba uliwapa faraja bila kuwapa pwani.

Miongoni mwa ndege wa Edgar yumo jamaa wa kunguru mwenye mdomo na miguu myekundu. Jina alilotumia Shakespeare liliweza zamani kumhusu pia kunguru mdogo mwenye kisogo cha kijivu. Wote wawili hukaa majabalini. Yule wa mdomo mwekundu alitoweka Kent kwa muda wa karne mbili na zaidi, na mwaka 2022 akaanza kurudishwa karibu na Dover. Leo msomaji wa onyesho lile aweza kwenda ukingoni, akatazama chini, akabahatika kuuona mgongo wake. Ndege wa wimbo hana pa kurudishwa, kwa kuwa hakupata kuwapo.

Edgar alimdanganya baba yake ili amponye, na mzee akakubali kuyavumilia maisha. Dawa ile ilifaa kwa sababu vitu vilivyotiwa ndani yake vilikuwa vya kweli. Mtungaji ana ruhusa ya kuzua jabali zima, maadamu amewahi kuwatazama ndege wake.