"Borrow" na "lend": safari moja, meza mbili

Kijana mmoja wa darasa langu la jioni pale Holili alimgeukia mwenzake akamwambia, "Borrow me your pen." Mwenzake akampa kalamu bila kusita. Ugumu wa kosa hili uko hapo: linaeleweka. Kalamu imepatikana, maongezi yameendelea, na hakuna aliyeona haja ya kujisahihisha. Kosa linalokuletea kalamu mkononi haliondoki kwa kupigiwa mstari mwekundu.

Nilianza kwa njia niliyofundishwa mimi mwenyewe. Nikaandika ubaoni "borrow", mbele yake kuazima. Chini yake "lend", mbele yake kuazimisha. Wakanakili, wakakariri, na kwenye zoezi la jioni ileile wengi wakapata. Wiki iliyofuata wakarudi palepale, na baadhi ya waliokuwa wakitumia "borrow" sawasawa sasa walikuwa wakisema "Can I lend your ruler?" Somo langu lilikuwa limezaa kosa jipya.

Ili kujua kilichoharibika, tuliangalie kwanza neno letu wenyewe. Kuazima ni kitenzi cha pande zote mbili. Ukisema "nimeazima jembe kwa jirani", jembe limekuja kwako. Ukimwambia jirani "niazime jembe", anayeazima sasa ni yeye, mwenye jembe. Shina ni lilelile. Kazi yote imefanywa na viambishi. Katika "niazime", ni- ni yule atakayepokea. Mwanafunzi anapotafsiri kipande kwa kipande, azime inakuwa "borrow", ni- inakuwa "me", na sentensi imekamilika. Hakuna alichobahatisha: ameihamisha sarufi yake ya nyumbani ikiwa nzima, kwa utaratibu kamili. Nasisitiza hili kwa sababu kosa la namna hii mara nyingi huitwa uzembe.

Kuazimisha kipo kwenye kamusi, ni kweli. Lakini pita sokoni Himo uhesabu ni wangapi utakaowasikia wakisema "niazimishe". Nilikuwa nimewaelezea neno wasilolijua kwa neno wasilolitumia. Wala jambo hili si letu peke yetu: Kijerumani kina "leihen", Kiswidi kina "låna", na kila kimoja kati ya vitenzi hivyo hubeba maana zote mbili.

Kosa langu la pili lilikuwa la mpangilio. Mwaka 1993 Thomas Tinkham, na mwaka 1997 Rob Waring aliyerudia jaribio hilo kwa wanafunzi Wajapani, walionyesha kwamba maneno mapya yenye maana za karibu yakifundishwa kwa wakati mmoja hushikwa kwa shida zaidi kuliko maneno yasiyohusiana. Mwanafunzi anakumbuka kwamba yalikuwa mawili na anakumbuka yalihusu nini, ila lipi ni lipi linampotea. Vitabu vingi na mbao nyingi za darasani hufanya kinyume: huyaweka mapacha bega kwa bega, eti yalinganishwe.

Kwa hiyo nililiondoa "lend" kabisa. Kwa wiki mbili darasa lilikuwa na "borrow" tu, tena ndani ya fremu moja: "Can I borrow...?" na "I borrowed it from...". Sikutoa tafsiri. Asiyekuja na rula aliiomba kwa sentensi hiyo, na aliyesema "borrow me" nilimuuliza kwa Kiswahili: "Nani anapokea?" Akijibu "mimi", basi "I" ndiyo inayoanza sentensi. Nikawaonyesha pia kwamba mtu hakai mara tu baada ya "borrow". Hapo hukaa kitu. Mtu anafuata baadaye, akitanguliwa na "from".

"Lend" liliingia wiki ya tatu, na halikuingia kupitia kuazima. Liliingia kupitia VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Kila kijana pale ana mama, shangazi au dada aliye kwenye kikundi, na hakuna anayechanganya kukopa na kukopesha: mwanachama anakopa, kikundi kinakopesha. Kiambishi -esh- kinasema wazi nani ametoa. Mgawanyo ambao Kiingereza kinauweka kati ya "borrow" na "lend" Kiswahili tayari kinao. Unakaa tu kwenye kitenzi kingine. Kiswahili kinajali jambo ambalo Kiingereza hakilijali, yaani kama kitakachorudi ni kitu kilekile: jembe huazimwa, sukari hukopwa. (Siku hizi tunasikia "niazime elfu kumi", lakini mpaka huo bado upo kwa wasemaji wengi.) Wanafunzi walipoona kwamba lugha yao ina mgawanyo wake, na mwingine zaidi, mabega yalilegea.

Kilichokamilisha kazi kilikuwa nje ya dirisha. Holili na Taveta wanatumia utaratibu wa kituo cha pamoja cha huduma za mpakani: anayetoka Kenya hasimami Taveta, anakuja kusimama Holili, na huko ndani ya jengo moja ofisa wa Kenya anamgongea mhuri wa kutoka, kisha ofisa wa Tanzania anamgongea mhuri wa kuingia. Msafiri ni mmoja na safari ni moja. Meza ndizo mbili, na kila meza ina neno lake.

Tukapanga madawati mawili, tukachora mstari wa chaki katikati. Kalamu ilipovuka mstari, aliyeitoa alisema "I lent him a pen" na aliyeipokea alisema "I borrowed a pen from her", kwa pamoja, juu ya kalamu ileile. Kisha walibadilishana meza. Vijana waliokua wakiangalia malori hawakuhitaji maelezo kwamba kutoka na kuingia ni tukio moja lililoandikwa mara mbili. "Lend", tofauti na mwenzake, linamkubali mtu mara moja: "lend me", "lend her". Kwa hiyo ile "me" waliyoizoea kwenye "niazime" ikapata mahali halali pa kukaa. Nadhani hiki ndicho kilichowasaidia kuliko vyote: sikuwanyang'anya mazoea yao, niliyahamishia kwenye kitenzi kinachoyapokea.

Bado kuna kazi. "Lend" na "lent" hazitofautiki vizuri masikioni mwao, na kwenye insha ndefu "borrow me" hurudi pale mwandishi anapoharakisha.

Mwalimu mwenzangu unayepokea Kidato cha Kwanza, watoto waliosoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi na sasa wanatakiwa kujifunza karibu kila somo kwa Kiingereza: usiandike maneno haya mawili ubaoni siku moja. Anza na "borrow", lipe wiki mbili, na "lend" likija, lilete na kukopesha.