Hightown Iko Upper Hill

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na haukupita muda mrefu kabla wakubwa wa reli hawajajichagulia mlima. Maofisa Wazungu wakajengewa huko juu, penye hewa safi na pasipotuama maji. Vibarua Waafrika wakaja kupangwa Muthurwa, kwenye vyumba vya landhies, chini kule karibu na stesheni. Leo bangaloo nyingi za Upper Hill zimepisha benki, kampuni za bima na mnara wa Britam wenye urefu wa mita 200, lakini mteremko haujahama. Asubuhi wasee wanapanda kwa miguu kutoka Haile Selassie, jioni wanashuka.

Nautaja mteremko huu kwa sababu, kati ya gemu nne kuu za Dragon Age, ni moja tu inayouelewa vizuri, na ni ile mashabiki waliyoitusi sana ilipotoka.

Kama hujawahi kuzicheza: zinatengenezwa na BioWare wa Canada, na zote ziko katika nchi za kubuni zinazoitwa Thedas. Watu waliozaliwa na nguvu za uchawi wanafungiwa humo kwenye minara, wakilindwa na askari wa dini waitwao Templar. Hawajafanya kosa. Wanafungwa kwa lile wanaloweza kufanya. Mtu ambaye babu yake alivaa kipande shingoni hahitaji kuelezwa zaidi.

Dragon Age: Origins (2009) ilianza vizuri sana. Ndiyo, kuna majitu yanayotoka ardhini kuja kumaliza kila kitu, lakini siasa haikai kando kuyangoja. Nenda Orzammar, ufalme wa chini ya ardhi. Unaambiwa uchague mfalme kati ya wawili. Harrowmont ni mzee mwadilifu, mtu wa kutimiza ahadi. Bhelen ni nyoka, amefitini mpaka ndugu zake. Unamchagua mzee, roho yako safi kabisa, halafu mwishoni unasoma kwamba ameachia tabaka la chini likanyagwe vilevile. Yule nyoka ndiye angewafungulia mlango. Jameni! Sijui gemu nyingine iliyoniambia waziwazi hivyo kwamba tabia njema ya mkubwa na haki ya mdogo ni vitu viwili tofauti.

Kisha ikaja Dragon Age II (2011), na ulimwengu ukasinyaa. Badala ya nchi nzima tukapewa mji mmoja, Kirkwall, na miaka kadhaa ya kuishi humo. Watu walilalamika kwamba mapango ni yaleyale, vichochoro ni vilevile, kila misheni unarudishwa ulikotoka. Ni kweli, ilitengenezwa haraka na inaonekana. Lakini mimi nasema kule kurudirudi ndiko kunakoifanya iwe gemu ya mji. Anayepita Muthurwa kila siku haoni mandhari mpya. Anaona leo kumeongezwa askari, kesho kibanda fulani kimebomolewa.

Hawke, mhusika unayemcheza, anafika Kirkwall akiwa mkimbizi. Anatumikia mwaka mzima chini ya wafanya magendo au mamluki ili kulipia hongo ya kuingia. Analala kwa mjomba wake Lowtown. Akishapata pesa anahamia Hightown, juu, na kuanzia hapo malalamiko ya chini yanamfikia kwa barua. Chini kabisa iko Darktown, na katikati ya maji kuna Gallows: zamani gereza la watumwa, sasa wanafungiwa wachawi. Jengo lilelile, kazi ileile, wenye funguo tu ndio wamebadilika. Kuna maelfi wanaoikimbilia dini ya kigeni ya Waqunari kwa sababu sheria ya mji ilikataa kuwasikiliza dada yao alipodhulumiwa. Na anayelipua hekalu kuu mwishoni ni Anders, tabibu aliyekuwa akiwatibu wakimbizi bure kule Darktown. Unaweza kumchukia. Huwezi kusema hukuona ikija, maana umekuwa ukipita mlangoni pake miaka yote hiyo.

Inquisition (2014) ikafungua ramani kubwa kupindukia, na hapo sasa ukawa mkubwa wewe mwenyewe. Unasimama mbele ya meza ya vita, unatuma watu, unangoja saa ziishe. Kuna dansi ya kifalme pale Halamshiral ambako unaamua nani atawale Orlais. Ni usiku mtamu, sikatai. Ila mtaa wa maelfi uliochomwa kwa amri ya Malkia Celene uko huohuo Halamshiral, na sisi tunausikia kwenye maongezi tu huku tukikanyaga marumaru. Veilguard (2024) ikatupeleka hatimaye Tevinter, dola ya watumwa tuliyotishwa nayo tangu gemu ya kwanza, na watumwa wenyewe karibu hawaonekani. Miungu wawili wabaya wanatosha, kila mtu yuko upande mmoja, twendeni.

Mwaka huohuo wa 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili. Kusikia lugha yetu ikisemwa bila utani ndani ya gemu ya njozi, bana, kulinikalisha kitako. Salim aliitengeneza akimwomboleza babake, na kilio hicho kinasikika. Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kubwa, arudishiwe baba. Roho hizo zimetoka mbali. Impundulu ni ndege wa radi wa kusini, Kikiyaon ni wa Senegambia. Bara zima limekutana Kenzera, na hakuna anayegombania kisima na mwenzake. Kwa hadithi ya msiba inatosha. Lakini nilipoimaliza nilibaki na hamu ya kujua kodi ya huko hulipwa kwa nani. Zau anaruka kutoka mwamba hadi mwamba, juu mpaka chini, na hakuna askari hata mmoja anayemuuliza anaenda wapi.