Beleshi Kabla ya Brashi

Ukuta wa chumba cha kulala katika nyumba ya dada yangu, Mbagala, Dar es Salaam, ulipakwa rangi mara tatu katika miaka michache. Mara zote tatu ulibanduka palepale, chini ya dirisha, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Kwanza rangi ilivimba, kisha ikapasuka, na nyuma yake ukatoka unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Fedha ilikuwepo nyakati zote hizo. Ukuta ulikuja kupona mwaka 2020, mwaka ambao fedha haikuwepo kabisa, na jambo hilo linastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Hali ilikuwa hivi. Kisa cha kwanza cha Corona nchini kilitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Dada anafundisha shule ya binafsi. Ada ziliposimama, mshahara wake ulikatwa, kisha ukakoma. Shemeji alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, naye ndiye aliyekuwa akiita mafundi, akipatana nao bei na kuwasimamia. Mvua za masika zilikuwa kubwa. Dada alikuwa akiamka saa nne asubuhi, anawapa watoto chai, anarudi kitandani na kuutazama ukuta ule. Nayasema haya kwa ruhusa yake, kwa sababu bila kuyajua huwezi kuelewa kwa nini kazi ilipangwa jinsi ilivyopangwa.

Hatua ya kwanza haikuwa ya kununua kitu. Fundi mmoja wa mtaani, mzee aliyekuwa amekuja kuchota maji, aliuona ukuta na kusema, "Mwalimu, ukuta wako unakunywa maji kutoka chini." Inawezekana kulithibitisha neno hilo bila kifaa chochote. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa chumbani, unyevu unatoka hewani, na dawa yake ni kufungua madirisha. Yakijikusanya nyuma ya nailoni, maji yamo ndani ya tofali. Ya dada yalikuwa nyuma. Paa halikuvuja, na hakukuwa na bomba linalopita pale. Ikabaki ardhi.

Sasa tutoke nje. Ukuta wa matofali ya saruji una vitundu vidogo vinavyovuta maji kwenda juu, na ndiyo maana mjenzi hulaza nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali la kwanza. Nailoni hiyo hufanya kazi kwa sharti moja tu: udongo wa nje ukae chini yake, angalau sentimita 15. Katika nyumba hii udongo ulikuwa umeipita. Kila asubuhi, kwa miaka, uwanja ulifagiliwa kuelekea ukutani. Chini ya dirisha palikuwa na bustani ya maua iliyoinuliwa kwa mawe na kumwagiwa maji kila jioni. Bati nalo halikuwa na gata, hivyo mvua ilidondoka kutoka ukingoni mwa paa, ikagonga udongo na kuurushia ukuta tope. Maji hayakuhitaji kupenya nailoni. Yaliizunguka kwa juu.

Kwa hiyo dawa ya ukuta wa chumbani ilikuwa beleshi. Udongo ulipaswa kushushwa, maua yahamishwe, na ardhi ipewe mteremko unaoondoa maji nyumbani, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita moja. Fundi angeifanya kazi hiyo kwa siku moja. Hela ya fundi haikuwepo, na dada hakuwahi kushika beleshi kwa kazi ya aina hiyo. Alichofanya, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha mafanikio yote: aliukata urefu wa ukuta kuwa vipande vya hatua mbili mbili, akaweka kijiti kila kipande kinapoishia. Kila asubuhi kipande kimoja kabla jua halijapanda, na asiguse cha pili hata akiwa na nguvu. Udongo uliotoka ulijaza shimo la nyuma ya choo siku hiyohiyo. Ikifika saa mbili, kazi ya siku imekwisha na imeonekana.

Wataalamu wa afya ya akili wanaujua mpangilio wa namna hii. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mpango wa bibi waliofunzwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi katika viwanja vya zahanati. Bibi hamwambii mgonjwa ajikaze. Humsaidia kutaja matatizo yake yote, achague moja, kisha atafute hatua ndogo anayoweza kuitekeleza kabla hawajaonana tena. Mpango huo ulipimwa kwa watu 573 katika zahanati 24, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mtu aliyezidiwa na huzuni anashindwa kuanza kwa sababu kazi mbele yake haina mpaka. Kijiti cha dada kiliipa mpaka. Nisieleweke vibaya, sonona kali ni ugonjwa na inahitaji tabibu, wala beleshi halichukui nafasi yake.

Baada ya nje kukamilika, ndani kukaja kazi ya tindo na nyundo. Lipu iliyooza ilibomolewa hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, kwa sababu chumvi hupanda zaidi ya pale macho yanapoona. Unga mweupe ulipigwa brashi kavu, ukazolewa na kutupwa mbali. Wengi huosha ukuta kwa maji hapa, na matokeo yake chumvi inayeyuka na kurudi ndani ya tofali, tayari kutoka tena.

Kisha ukuta ukaachwa uchi. Tofali la inchi 6 lililolowa kwa miaka halikauki kwa wiki mbili, linataka miezi, na bahati njema ni kwamba kuanzia Juni upepo wa kusi huleta pwani yetu hewa kavu. Kitanda kilisogezwa, dirisha likaachwa wazi mchana kutwa. Hakuna hatua inayorukwa mara nyingi kama hii, maana chumba kinatia aibu mbele ya mgeni na fundi anataka amalize alipwe. Dada hakuwa na fundi wa kumharakisha wala hela ya kununua rangi, na ukata ukaulazimisha ukuta upewe muda unaotakiwa.

Miezi hiyo haikupita bure. Alianza kufundisha watoto wachache wa majirani kibarazani, akilipwa kwa anachoweza mzazi, mara nyingine unga au mkaa. Alifungua daftari la matumizi na kugundua kwamba deni la dukani ndilo lililokuwa likila kila kilichoingia, basi akalilipa kidogo kidogo na akaacha kukopa. Saa ya kuamka ilirudi kuwa ya alfajiri, kwa kuwa udongo huchimbika vizuri kabla ya jua. Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni, lakini mshahara haukurejea mara moja, na kibarazani palikuwa pamekwisha kuwa na wanafunzi.

Lipu mpya ilipigwa ukuta ulipokauka. Mchanganyiko ulikuwa sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga. Mchanga uwe wa mtoni, usiwe wa ufukweni, kwani chumvi ya bahari huvuta unyevu hata hewani. Kuupima, tia mchanga na maji kwenye chupa, tikisa, uache utulie. Safu ya tope inayokaa juu ikizidi takriban asilimia 8 ya mchanga, urudishe kwa aliyeuza. Saruji alinunua kwa kilo kwenye duka la vifaa, maana mfuko uliofunguliwa hunyonya unyevu na kuganda.

Chokaa nitaitetea kidogo. Siku hizi mafundi wengi wanaiona kitu cha kizamani na kupiga lipu ya saruji tupu. Majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hulowa na kukauka bila kupasuka kwa sababu chokaa hupitisha unyevu. Zinapofunikwa kwa saruji ngumu, unyevu hukosa njia ya kutoka na lipu huachana na jiwe. Nyumba ya Mbagala si ya matumbawe, lakini kanuni haibadiliki: ukuta uliowahi kulowa upewe nafasi ya kupumua. Kwa sababu hiyo hiyo rangi iliyopakwa mwisho ilikuwa ya maji. Rangi ya mafuta ingeuziba.

Ukuta umeshapita masika kadhaa bila kuvimba. Pembe moja nyuma ya kabati bado hutoa unga kidogo, kwa sababu upande ule jirani amejenga karibu mno na udongo haushushiki, hivyo hupigwa brashi kavu kila mwaka. Gata ilifungwa baadaye, kwa hela ya kikoba.

Kama nawe una ukuta wa namna hii, usiende kwanza dukani kununua rangi wala dawa ya kuzuia maji. Toka nje, tazama udongo umefika wapi, kisha azima beleshi kwa jirani.