Injili ya Luka na Filamu ya Yesu

Filamu iitwayo Yesu, iliyoongozwa na Peter Sykes na John Krish mwaka 1979, imejengwa juu ya Injili ya Luka, na imekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo. Kwa asiyejua kusoma ni msaada usiofaa kudharauliwa. Hata hivyo, mchungaji anayekusudia kuionyesha Handeni au Korogwe hana budi kujiuliza ni nini kinachobadilika kitabu kigeukapo picha.

Luka hakueleza uso wa Yesu wala kimo chake. Filamu haiwezi kunyamaza hivyo. Imempa uso wa mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon. Kwa wengi wa jirani zetu Waislamu, kumwigiza nabii ni kikwazo tosha. Kwa waumini wetu hatari ni nyingine: kudhani kwamba aliyeuona uso huo amemjua Bwana.

Luka mwenyewe anaisahihisha dhana hiyo katika mlango wa 24. Wanafunzi wawili waendao Emau walitembea na Yesu aliyefufuka, macho yao yakiwa yamefumbwa, wasimtambue. Mioyo yao iliwaka alipowafafanulia Maandiko, nao wakamtambua alipoumega mkate.

Basi filamu na ionyeshwe, lakini siku zifuatazo Luka asomwe kwa sauti, mlango kwa mlango, ili hata asiyejua kusoma asikie. Pasipo hayo tutakuwa tumewapa watu uso, tukawanyima Neno.