Mzee Anayesema Mwisho

Kila nisomapo sura ya 15 ya Matendo ya Mitume, jicho langu hutua kwa Yakobo, nduguye Bwana, kabla hajasema neno. Ni Yerusalemu, yapata mwaka 49. Waumini wamegawanyika: je, mtu wa Mataifa anayemwamini Yesu ni lazima atahiriwe? Maneno ni makali. Yakobo ndiye nguzo ya kanisa la pale, lakini kimya. Hoja zinakwenda na kurudi, Petro anasimama na kusimulia ya Kornelio, mtu wa Mataifa aliyeamini, kisha Barnaba na Paulo wanapewa nafasi, na mkutano mzima unatega sikio. Ndipo Yakobo anapofungua kinywa.

Tazama anavyoanza. Anaokota neno la Petro, tena anamtaja kwa jina la nyumbani, Simeoni, ili hata wale wa tohara waone kwamba msemaji ni mtoto wao. Kisha anamleta nabii Amosi. Hukumu inakuja baada ya hayo.

Ustadi huu wa kusikiliza kwanza haukuzaliwa siku ile. Neno la Kigiriki walilojiita viongozi wa kanisa, presbyteros, maana yake ni mzee tu, kama zaken la Kiebrania, wale wazee waliokaa langoni mwa mji kuamua mashauri. Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi kilichokusanywa yapata mwaka 200, imehifadhi mpangilio wa Baraza Kuu la Wayahudi: waamuzi huketi nusu duara, mfano wa nusu ya uwanja wa kupuria nafaka, kila mmoja aone uso wa mwenzake. Katika kesi ya kifo, wadogo ndio huanza kutoa maoni, wasije wakameza ya moyoni kwa kuwaogopa wakubwa. Aliyebuni utaratibu huo aliwajua watu vizuri sana! Siwezi kusema Yakobo aliufuata hatua kwa hatua, ila malezi ni yale yale.

Na uamuzi wenyewe ni mwepesi kubeba: wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, nyama zilizosongolewa na damu. Mambo manne, ili Myahudi na asiye Myahudi waweze kula meza moja. Barua ikaandikwa, lakini wazee hawakuiacha iende peke yake. Waliwachagua Yuda Barsaba na Sila waandamane nayo hadi Antiokia, wakaeleze kwa mdomo yaliyoandikwa.