Nahau Zilizosokotwa Baharini

Nahau nyingi za Kiingereza zinazosikika leo maofisini, bungeni na magazetini zilizaliwa midomoni mwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma: mabaharia wa meli za matanga. Kwa karne kadhaa, hadi injini ya mvuke ilipochukua nafasi ya upepo, Uingereza iliishi kwa meli hizo. Biashara, vita, barua na sukari ya chai vyote vilipita baharini, na kila baharia aliyerudi nchi kavu alirudi na msamiati wa kazi yake. Msamiati huo ulidumu kwa sababu ulikuwa mkali kama kisu. Amri isiyoeleweka juu ya sitaha iligharimu kidole, mkono au maisha, kwa hiyo kila kitu kilipewa jina moja, fupi, lisilochanganywa na lingine.

Msingi wa ufundi wote huo ni kamba. HMS Victory, meli ya Admirali Nelson katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, iliundwa kubeba matanga 37, na kamba zake zikiunganishwa hupita urefu wa kilomita 40. Kila kamba ina jina, kazi na kigingi chake cha kufungiwa. Baharia mgeni alitakiwa kuzijua kwa kiganja kabla ya kuzijua kwa macho, maana tufani haingojei mapambazuko. Usiku wa mvua, meli imelala ubavu, mkono ukipapasa na kufungua kigingi kisicho chake, foromali, mti mzito wa kutundikia tanga, ingeweza kuwaporomokea wenzake kichwani. Aliyefika mahali pa kutokosea alisemwa kuwa "knows the ropes", yaani anazijua kamba. Richard Henry Dana, kijana wa Marekani aliyeacha masomo na kuingia melini kama baharia wa kawaida mwaka 1834, aliuandika msemo huo katika kitabu chake cha mwaka 1840. Siku hizi husemwa juu ya karani, mwanasheria au fundi yeyote aliyeiva. Kiswahili humwita mtu huyo anayeijua kazi ndani nje.

Nahau ya pili ya kamba huwapoteza wafasiri wengi. Mtu aliye "three sheets to the wind" amelewa chakari. Neno "sheet" katika Kiingereza cha kila siku ni shuka au karatasi, kwa hiyo msomaji huona mashuka matatu yakipepea kambani. Aliyesikia kwamba asili yake ni ya baharini huona matanga matatu. Wote wawili wamekosea. Kwa baharia, neno hilo ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, ileile ambayo nahodha wa jahazi huiita demani. Demani ikikazwa, tanga hujaa upepo na chombo hukata maji. Ikifyatuka, tanga hubaki likijipigapiga, kazi imekwisha. Demani moja ikifyatuka, watu huikimbilia na kuifunga. Zikifyatuka tatu kwa pamoja, meli huinamia huku, ikanyanyuka, ikaangukia kule, na hakuna ajuaye inaelekea wapi. Aliyebuni nahau hii alikuwa ameitazama meli ya namna hiyo, akamtazama na mwenzake akirudi kutoka kilabuni. Kiswahili kina kitenzi chake kizuri hapa, kupepesuka, ambacho sauti yake iko jirani na kupepea. Mlevi wa Kiswahili naye huyumba kama kitu kilichoshikwa na upepo. Hapo awali Waingereza walisema kamba hizo zimo "in the wind", na ndivyo nahau ilivyochapwa mwaka 1821 katika kitabu kiitwacho Real Life in London.

Upepo wenyewe umezaa nahau nzuri zaidi, na "taken aback" pengine ndiyo bora kuliko zote. Meli ya matanga ya mraba huenda kwa upepo unaotoka nyuma au ubavuni. Mshika usukani akizubaa, au upepo ukigeuka ghafla, matanga hupigwa kwa mbele na kubandikwa kwenye mlingoti. Meli iliyokuwa mbioni husita. Kisha huanza kurudi kinyumenyume, usukani ukifanya kazi kinyume na ulivyozoeleka, na milingoti, ambayo kamba zake nyingi zimefungwa ili kuizuia isiangukie mbele, hulemewa kwa upande usio na nguvu. Katika upepo mkali milingoti imewahi kukatika hivyo. Mtu aliyepokea habari asiyoitarajia husemwa kuwa yamempata hayo: alikuwa akienda, sasa amesimama, na kwa dakika moja hajui ashike kamba gani. Kiswahili husema amepigwa na butwaa. Lugha zote mbili zimemweka mtu huyo katika hali ya kutendwa. Hakuamua kushangaa, amepigwa na kitu kutoka nje.

"By and large" ni fupi na imesahaulika kabisa asili yake. Sehemu ya kwanza ni kwenda joshi, kuukaribia upepo unaotoka mbele. Ya pili ni kwenda na upepo wa nyuma, tanga likiwa huru. Chombo kilichofaa kwa hali zote mbili kilisifiwa kwa maneno hayo, na leo maana yake ni "kwa jumla". Vivyo hivyo "leeway", ambayo ni nafasi aliyoachiwa mtu ya kuamua au kukosea, ilikuwa umbali ambao meli husukumwa kando na upepo hata nahodha akiielekeza omo, mbele ya meli, sawasawa.

Msomaji wa Kiswahili anayapokea haya kwa wepesi kwa sababu lugha yake nayo imelelewa na vyombo. Mkulima wa Dodoma husema mambo yameenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo katika mawimbi. Wahenga nao waliacha methali kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngamani, chini kabisa, ndimo maji yote hukusanyika mwishowe.

Hata hivyo si kila nahau inayonusa chumvi ilitoka baharini. "The whole nine yards", yenye maana ya kitu kizima bila kupunguzwa, hudaiwa kutokana na foromali tisa za meli ya milingoti mitatu, tatu kwa kila mlingoti, kwa kuwa "yard" ni foromali na pia ni yadi ya kupimia. Hesabu hiyo inapendeza, lakini ushahidi unaikataa. Magazeti ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20, katika majimbo yaliyo mbali na bahari, ndiyo yaliyouchapa msemo huu mapema, na mengine yaliandika sita badala ya tisa. Ufundi wa mabaharia una mali ya kutosha. Hauhitaji kuazima ya wengine.

Safari huishia kwenye nanga. Amari, kamba ya nanga, ilizungushwa kwenye nguzo fupi nene ziitwazo "bitts", na kipande chake kilichobaki ndani ya meli kiliitwa "bitter end". Kapteni John Smith, yule wa Virginia, alilieleza jina hilo katika kitabu chake A Sea Grammar cha mwaka 1627. Amari ikitolewa hadi hapo, hakuna nyingine ya kutoa, na kupigana "to the bitter end" ni kupigana mpaka kisibaki kitu. Kwa kuwa "bitter" ni pia uchungu, wengi huhisi ladha hiyo katika nahau, na huenda imesaidia kuieneza. Baadhi ya kamba hizo za jeshi la wanamaji la Uingereza zilisokotwa Chatham, kando ya mto Medway, palepale ambapo Victory iliteremshwa majini mwaka 1765. Jumba la kusokotea kamba, lenye urefu wa zaidi ya mita 300, bado limesimama, na kamba bado husokotwa humo.