Sifa za Kazi Inayokubali Kukatizwa

Mwanamke wa Runingu ni nadra kupata saa nzima iliyo yake. Siku katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, hukatwa vipande: shamba la mpunga au muhogo kabla jua halijapanda, maji, soko, moto wa jioni, mtoto mwenye homa, mgeni aliyeteremka kutoka milimani bila taarifa. Kati ya kipande na kipande hubaki vijisehemu ambavyo havina jina. Ni ule wakati wa kungoja ndoo ijae bombani, kungoja zamu kwenye kituo cha afya, kungoja gari kwenye barabara ya taifa namba 5, ile itokayo Uvira kwenda Bukavu. Wanaozungumza juu ya mapumziko huvisahau vijisehemu hivi, kwa kuwa wao huhesabu mapumziko kwa siku na majuma. Mimi nataka kuusifu ufumaji, ule ambao wengi huku wanauita trikoti, pamoja na ndugu yake kroshe, kwa sababu ni miongoni mwa kazi chache za mikono zinazoingia kwenye muda uliovunjika bila kuharibika. Husemwa kwamba kufuma ni burudani ya mwenye nafasi. Kwa maoni yangu, anayefaidika nayo zaidi ni yule asiye na nafasi.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya kazi yenyewe. Kitambaa cha kawaida hutengenezwa kwa nyuzi nyingi zinazopishana, nazo huhitaji mtambo uliosimama mahali pamoja. Cherehani haibebwi hadi bombani. Udongo wa mfinyanzi aliyeitwa ghafla hukauka kabla hajarudi. Mfumaji wa sindano mbili hutumia uzi mmoja tu: anaupinda kuwa kitanzi, anavuta kitanzi cha pili kupitia ndani ya kile cha kwanza, na hivyo hivyo hadi safu iishe na nyingine ianze. Kila kitanzi kinashikiliwa na kile kilichokifuata. Akiitwa, anasukuma vitanzi vyake hadi katikati ya sindano, anaviringisha kazi, anaondoka. Akirudi baada ya dakika tano au baada ya miezi mitano, atavikuta palepale alipoviacha. Kroshe ni salama zaidi, maana kwenye kulabu huwa kinabaki kitanzi kimoja tu kilicho wazi, vingine vyote vimekwisha kufungwa. Hata mtoto akiivuta kazi, kinachopotea ni kidogo.

Kosa nalo halina hasara kubwa. Seremala aliyekata ubao mfupi amekwisha kuupoteza, na fundi nguo aliyekosea mkasi atalipa kitambaa cha mteja. Mfumaji anafumua, uzi unarudi, anaanza upya. Ndiyo maana sweta la mitumba lililotoboka viwiko bado ni mali: likifumuliwa, uzi wake ukaoshwa na kunyooshwa kwa kuzungushwa kwenye mgongo wa kiti, linakuwa sweta la mtoto. Ila mnunuzi atazame kwanza mishono ya ndani. Sweta ambalo kila kipande chake kilifumwa kwa umbo lake hutoa uzi mrefu usiokatika. Lililokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa hutoa vipande vifupi visivyofaa kitu. Huku maarifa ya namna hii hupita kutoka kwa dada hadi kwa mdogo wake wakiwa wameketi mkekani, nami nayahesabu kuwa elimu kamili.

Wanaume wa ziwani wanaujua muda uliovunjika, hata kama kazi yao hawaiiti burudani. Uvuvi wa ndagala katika ziwa Tanganyika hutaka giza: taa huwashwa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi hupumzika, na ndipo wavuvi hukaa kivulini wakitengeneza nyavu, sindano ya mti mkononi, mazungumzo yakiendelea. Wavu hushikwa kwa mafundo na trikoti hushikwa kwa vitanzi, na tofauti hiyo si ndogo, lakini tabia ya mkono ni ileile: unafanya kazi yake huku macho na masikio yakiwa kwa jirani. Anayedhani kuwa sindano za sufu zinamwaibisha mwanaume akitazame kisiwa cha Taquile, katika ziwa Titicaca nchini Peru. Huko wanaume ndio hufuma kofia, na UNESCO iliuingiza ufundi wa kisiwa hicho katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2008.

Mtu wa Uvira ataniuliza: sufu ya nini katika joto hili? Swali lina haki, maana ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari na mchana wa uwandani hauna huruma. Lakini milima iliyo nyuma ya mji hupanda hadi kupita mita 2,500, na aliyelala Bijombo au Itombwe bila sweta haulizi swali hilo mara ya pili. Tena yuko mtu mmoja ambaye hata ufukweni huona baridi, naye ni mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati. Kichwa chake ni kikubwa kuliko ilivyo kwa mtu mzima ukikilinganisha na mwili, na joto humtoka upesi. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za kuwatunzia joto hazikutosha. Njia hiyo imekwisha kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani, na mavazi ya mtoto katika njia hiyo ni machache: nepi, soksi na kofia. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, kofia hiyo ni kifaa cha tiba. Kwa kuwa vitanzi hunyumbuka, hukikumbatia kichwa bila kukibana na hufuata kinavyokua. Uzi unaohitajika ni kidogo sana, na kazi yenyewe huisha kwa jioni chache zilizokatikakatika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Trikoti ililetwa huku na mkoloni, na haikuletwa kwa nia njema tu. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala aliyoitoa mwaka 1990, ameichunguza foyer social (kituo cha mafunzo ya wanawake) ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ng'ambo ya maji ukitazama kutoka Uvira, kati ya miaka 1946 na 1960. Wanawake wa mjini walifundishwa humo kushona, kufuma, kupiga pasi na kupanga nyumba, ili wawe wake wa kufaa kwa makarani kwa kipimo cha Ubelgiji. Siwezi kulifuta jambo hilo, wala sitaki. Ninachokataa ni kwamba kazi ya mikono hubaki daima mali ya yule aliyeileta. Miongoni mwa vipande vya kale kabisa vya trikoti vilivyohifadhiwa mpaka leo kuna soksi za pamba za Misri ya enzi za Kiislamu, zenye nakshi za rangi ya nili na nyeupe, zilizofumwa karne nyingi kabla Ubelgiji haijawa dola mwaka 1830. Ufundi ulipita Afrika kabla ya kufika kwa masista na wake za maofisa. Na wanawake waliojifunza katika foyer walichukua sindano wakaacha mengi ya yale mahubiri: vitambaa vya kroshe vinavyofunika viti vya sebule zetu, vikioshwa na kupigwa wanga siku za sikukuu, havimwigi mtu tena.

Limebaki pingamizi ambalo ndilo linalonisukuma kuandika, nalo hutoka kwa watu wenye nia nzuri. Mashirika yanayowafundisha wanawake kufuma huiita kazi hiyo shughuli ya kuleta mapato, na huipima kwa mapato. Sidharau pesa, karo ya shule hailipwi kwa utulivu wa moyo. Lakini tuseme kweli. Tangu Mwingereza William Lee alipobuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, mashine zimezidi kuushinda mkono kwa bei, na katika soko la Mulongwe mjini Uvira utapata sweta la mitumba kwa bei ndogo kuliko uzi wa kulifumia. Kufuma kukipimwa kwa soko peke yake, kutaonekana kumeshindwa, mradi utafungwa, na aliyekuwa akifurahia sindano zake ataambiwa alikuwa anapoteza muda. Wanaume wanaocheza dama au karata chini ya mwembe hawaulizwi wameingiza faranga ngapi. Kwa nini starehe ya mwanamke idaiwe faida kabla ya kuruhusiwa? Wengine watajibu kwamba mikono iliyoshinda na jembe inapaswa kulala, si kushika kazi nyingine. Kulala kuna wakati wake. Lakini kinachochosha katika kazi za mchana ni kwamba nyingi haziishi na nyingi zimeamriwa: sahani iliyooshwa itachafuka, shamba lililopaliliwa litaota magugu. Safu iliyofumwa inabaki imefumwa, na aliyeichagua rangi yake ni mfumaji mwenyewe.

Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza la tiba kwa njia ya shughuli, British Journal of Occupational Therapy, lilichapisha majibu ya wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali. Waliofuma mara kwa mara ndio waliosema zaidi kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Msomaji makini ataona kasoro: hao walikuwa tayari wapenzi wa kazi hiyo, na pengine mtulivu ndiye hufuma, wala si kufuma kunakoleta utulivu. Nakubali, na sitaki takwimu hiyo ibebe zaidi ya uwezo wake. Inatosha ikithibitisha kwamba maelfu ya watu husema jambo lilelile, na jambo hilo lina maelezo ya kueleweka: mkono unaorudia mwendo mmoja, jicho lisilolazimika kukaza, kazi inayoonekana ikirefuka.

Na maisha ya huku hayakatizwi na ndoo na mgeni peke yake. Baada ya mwaka 1993 Runingu ilikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, na Oktoba 1996 vita viliifikia kambi hiyo. Tangu hapo watu wa uwanda huu wamekimbia na kurudi mara nyingi. Sindano hazizuii risasi, na hakuna anayepaswa kuambiwa afume badala ya kudai amani. Nasema tu kwamba katika nchi ambamo mipango mikubwa huvunjwa ovyo, mtu anastahili kuwa na kitu kidogo ambacho kukatizwa hakukiui, kinachoingia kwenye mfuko wa bega na kuendelea mahali pengine.

Wanaoendesha vituo vya mafunzo nawaomba waache angalau saa moja ya juma isiyo na hesabu ya mauzo, kila mmoja afume anachopenda. Na wewe unayetaka kuanza, usingoje mradi. Spoki mbili za baiskeli zilizosuguliwa ncha zinatosha kuwa sindano, na sweta kuukuu linatosha kuwa uzi. Mtafute jirani anayejua, umwombe akuanzishie safu ya kwanza.